Siku tisa Phuket: wale "farasi" mnaowaona kwenye video ni watu wa mtaani, na nilikula kwao

Mtu wa Mawe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii kuna kipande cha video kinazunguka kwenye magrupu. Mwanamume kifua wazi, shavuni kapitishwa chuma kirefu kama fimbo ya pazia, nyuma yake fataki zinalipuka, na chini mtu kaandika "Wachina wanavyoabudu shetani". Nimekipokea mara nne, mara ya mwisho kutoka kwa shemeji yangu.

Barabara ile naijua. Ni Thailand, mji wa Phuket, mtaa wa Ranong, jirani na lango la hekalu la Jui Tui. Nilikuwepo Oktoba 2023, siku zote tisa za sherehe ya Wafalme Tisa, miungu ya Kichina, tarehe 15 hadi 23, na chakula nilichokula siku hizo kilipikwa kwenye jiko la hekalu lile. Inaniuma kuona watu walionilisha wanaitwa vile. Ndiyo maana nimefungua uzi. Utakuwa mrefu, nitauandika kwa vipande kila nikipata nafasi.

Kwanza nilifikaje. Mimi ni mtu wa mawe, yaani vito, nilianza kama broka Mererani. Wanaoijua biashara hii wanajua jiwe likitoka kwetu mara nyingi linapita Thailand, Bangkok na hasa Chanthaburi, ambako wikendi mtaa mzima hugeuka meza za mawe na Waafrika tunajaa pale. Mkataji niliyekuwa nampelekea mzigo wangu ni mzaliwa wa Phuket, Mthai wa asili ya Kichina. Mwaka ule akaniambia anafunga meza, anakwenda kwao, kwa sababu kaka yake "anabeba". Nikamuuliza anabeba nini. Akasema twende ukaone mwenyewe.

Mtu wa Mawe

Tuanze na historia, maana bila hiyo kila kitu kitaonekana kichaa.

Phuket ya leo ni fukwe na hoteli. Kabla ya hoteli, kisiwa kile kililishwa na bati. Wachina kutoka Fujian, wanaojiita Hokkien, waliingia kwa wingi, wengi wakipitia Penang, Malaysia ya leo, wakachimba kwenye bonde la Kathu katikati ya kisiwa. Aliyewahi kukaa machimboni hahitaji kuelezwa sana. Unalala porini, maji ni ya kubahatisha, hela ipo siku moja na siku thelathini haipo, na homa ikiingia kambini hailali kitanda kimoja.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1825 kundi la opera kutoka China lilifika Kathu kuwaburudisha wachimbaji. Waigizaji wakaanza kuugua homa, huyu leo, yule kesho. Wakakaa chini wakajiuliza wamekosa wapi, wakakumbuka. Kwao siku tisa za mwanzo wa mwezi wa tisa, kwa kalenda ya Kichina, ni siku za kuacha nyama na kujitakasa kwa heshima ya Wafalme Tisa, ambao kwa Kihokkien wanaitwa Kiu Ong Iah. Ugenini walikuwa wameiacha ada hiyo. Wakaishika, wakatubu, wakapona. Wachimbaji nao, ambao homa ile ile ilikuwa inawamaliza, wakaifuata. Baadaye mtu alitumwa mpaka jimbo la Jiangxi kuleta moto wa ubani, akarudi nao kwa meli, vijiti vikiunganishwa kimoja baada ya kingine ili usizimike njiani. Moto ule ndio mwanzo wa mahekalu ya pale kushika ibada hii kikamilifu, na Kathu ndiyo inayoheshimiwa kama chimbuko.

Wafalme Tisa wenyewe ni nyota. Saba ni zile za Dubu Mkubwa, zile zinazoonekana kama upawa upande wa kaskazini, na mbili hazionekani kwa macho. Mama yao ni Tou Mu. Hawana sanamu za kutembezwa hovyo. Wanawakilishwa na chetezo cha ubani, na chumba chao cha ndani haingii mtu yeyote tu.

Sasa hapa ndipo nilipokaa nikafikiri sana, kwa sababu mimi ni mtu wa machimbo. Ibada hii ya Wafalme Tisa ina nguvu pia Ampang, Malaysia. Ampang ni nini? Machimbo ya bati. Mwaka 1857 wachimbaji 87 wa Kichina waliingia msitu ule, na baada ya mwezi mmoja walibaki hai 18. Wengine wote homa. Kuala Lumpur ilianzia hapo. Nenda Singkawang, Kalimantan ya Magharibi, Indonesia, ambako siku ya 15 ya mwaka mpya wa Kichina mamia ya watu wanaoitwa *tatung* hutoka barabarani wamechomwa vyuma mashavuni na kukalia viti vya mapanga. Wale ni Wachina wa jamii ya Wahakka, na mababu zao walifuata dhahabu. Popote walipochimba, walizika wenzao. Na kumbuka mpaka mwaka 1897 hakuna aliyekuwa amethibitisha kuwa malaria inaletwa na mbu. Unaona watu wazima wanne wamekufa kwenye kibanda chako na hujui kwa nini. Utafanya nini?

Mimi naamini sherehe hii ni ya wachimbaji waliokuwa na hofu, na ile hofu hawakuona haya kuionyesha. Nitarudi kwenye hilo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mkuu, usikimbie. Mimi nataka kujua ile sehemu ya mashavu. Vifaa vinachemshwa? Mtu mmoja na kifaa chake au wanapokezana? Naona video nakosa usingizi.

Mwana wa Kwaya

Ndugu, umeandika vizuri lakini umeanza kutetea mapema mno. Mtu anayetetemeka, anasema lugha isiyo yake na hasikii maumivu, Biblia ina jina lake. Hata wewe unalijua.

Mtu wa Mawe

Nesi, nitakujibu, vumilia nifike siku yenyewe. Mwana wa Kwaya, wewe nitakujibu kwa heshima zote, na nadhani jibu utaliona kwenye nilichofanya usiku wa mwisho. Niache niende kwa mpangilio.

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza wanasimamisha mlingoti mrefu mbele ya hekalu, wanauita *Go Teng*. Unainuliwa kwa kamba na umati wa watu, kama tunavyoinua mlingoti wa jahazi. Ikifika usiku wa manane kandili tisa za mafuta zinapandishwa juu yake, na hapo wanasema Mfalme wa Mbinguni na Wafalme Tisa wameshuka. Kandili zile haziruhusiwi kuzimika mpaka siku ya tisa ipite.

Kuanzia hapo mji unabadilika. Bendera za njano kila mgahawa, watu wamevaa nyeupe. Hakuna nyama, samaki, mayai wala maziwa. Hakuna kitunguu maji, kitunguu saumu wala mboga za ukoo huo, wanasema zinachemsha damu. Hakuna pombe. Mume na mke wanalala mbali mbali. Aliye na msiba anakaa pembeni, na mwanamke mjamzito au aliye kwenye siku zake hakaribii matambiko. Sufuria za kila siku zinafungiwa kabatini, zinatolewa zile za siku tisa tu. Jina ambalo dunia inalijua ni "tamasha la mboga", lakini wenyeji wenyewe wanasema *jia chai*, kula mboga, kama sisi tunavyosema tu "tumefunga".

Kwa ndugu zangu Waislamu: tarehe inafuata mwezi, lakini haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, kwa sababu Wachina huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka michache. Ndiyo maana 2023 ilianza 15 Oktoba, 2024 ikaanza tarehe 3, halafu 2025 ikarudi mbele mpaka tarehe 21.

Mtu wa Mawe

Jiko.

Watu wanapiga picha mashavu, hakuna anayepiga picha jiko, na mimi kama ningeambiwa nichague kimoja ningechagua jiko.

Mama wa mwenyeji wangu aliniamsha saa tisa usiku. Kabla sijagusa chochote akanisogelea akanusa mikono yangu, halafu kwa ishara akaniuliza kama nimekula kitunguu. Nikaapa sijala. Akanipa kisu na kabichi. Nyuma ya hekalu kuna karai ambazo mtoto wa miaka sita angeweza kulala ndani yake, na wanaume wanakoroga kwa vitu kama makasia. Meneja wa benki amekaa karibu na muuza samaki ambaye siku tisa hizo hauzi samaki, wote wanamenya uyoga. Tofu, maharage, tambi, kinyunya cha ngano kilichooshwa mpaka kikawa kigumu kama nyama. Hakuna aliyelipwa.

Alfajiri familia zinakuja na vyombo vyao vya bati vya kupangana, vile vya ngazi tatu au nne vyenye mpini juu. Wanapakuliwa wanakwenda kula nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu na hapakuwa na kelele. Mzee mmoja alileta chombo cha ngazi nne, akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kuwa wamebaki wawili tu nyumbani, lakini chombo ni kile kile alichotumwa nacho akiwa mdogo na mama yake.

Mara tatu katika siku hizo, siku ya tatu, ya sita na ya tisa mchana, wanawalisha askari wa mbinguni wanaolinda hekalu pande tano. Wanaweka chakula cha askari, na pembeni wanaweka cha farasi wao. Hilo lilinigusa. Mungu kaja na jeshi, na hata farasi wa jeshi hasahauliwi.

Babu wa Pangani

Kijana, nimesoma yote tangu juu. Umetaja farasi. Kwetu huku pwani mtu aliyepandwa na pepo anaitwa kiti, kwa kuwa pepo anamkalia. Na asiyekuwa na kazi hiyo hajiiti kiti, ni jina la heshima na ni mzigo. Sasa hao wako wanaitwaje?

Mtu wa Mawe

Shikamoo babu. Umenitangulia, nilikuwa naelekea huko huko.

Wanaitwa *ma song*. *Ma* ni farasi kwa Kithai, na *song* ni kupandwa. Mungu anampanda kama mpanda farasi. Kwa hiyo ile "kubeba" ya kaka wa mkataji wangu ilikuwa ni hiyo, anambeba mungu.

Siku moja nilimweleza yule kaka kuwa lugha yangu inasema kiti. Akafikiri. Akasema kiti kina bahati, kinakaa mahali pamoja, farasi lazima atembee.

Yeye ni fundi pikipiki. Alikuwa na miaka 19 alipoanza kuumwa, mwili unaisha, hospitali hawaoni kitu. Mama akampeleka hekaluni mwezi wa tisa kuombewa, na pale uani akaanza kutikisa kichwa bila kuweza kukizuia. Wazee hawakumkubali siku hiyo. Walimpima, wakamwuliza huyo aliyemo ni nani, walitaka kujua kama ni mungu kweli au ni mzimu tu umejipitia. Akatambulika kuwa ni wa Tian Hu Nguan Soi, ambaye ndiye mkuu wa hekalu la Jui Tui. Na huyu, babu, ni mungu wa waigizaji. Kumbuka wale wa opera wa Kathu.

Imani yao ni kwamba *ma song* ni mtu ambaye siku zake zilikuwa fupi. Mungu anamwongezea umri, naye anatoa mwili wake utumike. Kaka yule sasa ana zaidi ya miaka arobaini, na mama yake akihesabu miaka ya ziada anaihesabu kwa vidole kama mtu anayehesabu deni linalolipwa vizuri. Bahasha nyekundu za pesa anazopewa barabarani zinakwenda kwenye sanduku la hekalu. Wapo wanawake pia wanaobeba, na vijana wadogo.

Babu wa Pangani

Marahaba. Basi ni yale yale ya kwetu, mganga naye huanza kwa kuumwa. Na kuulizwa jina pepo lazima aulizwe, asiyejitaja hapewi ngoma. Endelea.

Baharia Mstaafu

Naongezea kidogo maana nimekaa sana bandari ya Singapore. Pale wanaitwa *tangki*, na kazi yao haingoji sherehe. Usiku wa kawaida unakuta hekalu dogo chini ya maghorofa, watu wamekaa na namba kama zahanati. Huyu mtoto halali, huyu biashara imekwama, huyu mume kabadilika. *Tangki* akishapandwa anasema, pembeni kuna mtu wa kutafsiri, halafu anaandika alama kwenye karatasi ya njano. Unaichoma, jivu unatia kwenye maji, unakunywa. Nikakumbuka kombe la marehemu bibi yangu Bagamoyo, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, unaosha unakunywa. Maneno yaliyoandikwa ni tofauti kabisa na imani ni tofauti, lakini mgonjwa anayekunywa ni yule yule.

Wafalme Tisa pia wapo. Hekalu lao kongwe liko Hougang, barabara ya Upper Serangoon, serikali imeliweka kwenye kumbukumbu za taifa tangu 2005.

Mtu wa Mawe

Asante mkuu. Na hapo Singapore wameachwa wafanye. Singkawang niliyoitaja, serikali ya Suharto iliwapiga marufuku mwaka 1967 kufanya ibada za Kichina hadharani. Miaka zaidi ya thelathini mababa walibeba ndani ya kuta. Amri ilifutwa na Rais Abdurrahman Wahid mwaka 2000, na yeye alikuwa shehe mkubwa, aliyewahi kuongoza Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Waislamu wa Indonesia. Leo kwenye msafara ule wa *tatung* unakuta na Wadayak, wenyeji wa kisiwa, wamebeba kwa namna yao.

Sasa Nesi, haya.

Kila hekalu lina asubuhi yake ya maandamano. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa uani. Moshi wa ubani mzito mpaka macho yanatoa machozi, ngoma na matuazi hayaachi. Kaka alikuwa amesimama mbele ya madhabahu, mikono juu ya meza, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Halafu mabega yakaanza. Kichwa kikafuata, kulia kushoto, haraka kuliko mtu anavyoweza kukitikisa kwa kutaka. Akatoa sauti ya kutapika lakini hakutoa kitu. Wasaidizi wawili wakamfunga kifuani ile nguo iliyotariziwa, wakamkabidhi kibendera cheusi.

Akakaa kwenye kigoda. Mtobozi wake ni mmoja miaka yote. Alivaa glavu mpya mbele yetu, akafuta shavu nje na ndani kwa pamba yenye dawa. Chuma kilikuwa cha kaka mwenyewe, kilikaa kwenye ala yake na kilisafishwa tangu jana yake, na sasa kikapakwa mafuta ya mgando. Kidole cha mkono wa kushoto kikaingia mdomoni kikasukuma shavu kwa nje, kupapasa mahali pasipo na mshipa. Halafu mkono wa kulia ukasukuma mara moja. Nilisikia sauti ndogo, kama ukichoma embe bichi kwa ncha ya kisu. Damu haikufika kidevuni. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka wakati ule, ila kile kibendera cheusi mkononi kilitulia tuli.

Kila mtu na chuma chake, hawapokezani, na kwenye mahekalu makubwa wahudumu wa afya wanakuwepo karibu. Lakini sitakudanganya, wapo wanaopitisha mambo ya ajabu mashavuni, baiskeli, miamvuli, mabomba. Wazee niliokaa nao hawapendi. Alipita kijana mmoja wa namna hiyo, mama akageuza uso. Anasema silaha ya mungu inajulikana, upanga, mkuki, shoka, na hayo mengine ni ya wapiga picha. Mimi nipo upande wa mama.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Asante kwa kunijibu kikazi. Kidole ndani ya shavu ndiyo njia yenyewe hata sisi tungefanya hivyo. Sasa kwa nini shavu? Kwa nini ajiumize?

Mtu wa Mawe

Niliuliza swali hilo hilo. Jibu la mama: mabaya ya mtaa mzima yanakuja, lazima yapite mahali, basi yapite kwa aliyekubali. Yanayotakiwa kumpata mtoto wa jirani yampate yeye, ambaye ana mungu ndani na hayatamwua.

Hapo ndipo niliporudi Kathu kwa mawazo. Homa inaua kambini, hujui itamchukua nani. Halafu mmoja wenu anasimama, anasema inichukue mimi, na anapita mbele ya kila kibanda.

Na kweli wanapita kila mlango. Mbele ya nyumba watu wametoa meza yenye kitambaa, vikombe vidogo tisa vya chai, matunda, maua, ubani. *Ma song* anasimama, anagusa meza, anachukua chungwa kutoka meza hii anampa mtoto wa meza ile. Fataki zinarushwa kwenye machela za miungu, na vijana wanaozibeba wamejifunga taulo kichwani hawazikwepi.

Mtaa wa Thalang kulikuwa na bibi mmoja, meza yake ndogo kuliko zote, kikombe kimoja kilikuwa na ufa kimegundishwa. Kila mtu alikuwa amepiga magoti. Yeye alijaribu, magoti yakakataa, akashika ukuta. Kaka, na kile chuma kimetoka mashavu yote mawili urefu wa mkono kila upande, akapiga goti yeye. Wasaidizi wakakimbilia ncha za chuma wasije wakamchoma mtu. Akamwekea kibendera kichwani, akasema maneno ambayo kwa chuma kile mdomoni sijui yalitokaje, Kihokkien, sauti nyembamba isiyo yake. Bibi alimshika kifundo cha mkono akakizuia. Tukakaa pale muda mrefu mpaka machela za nyuma zikasongamana.

Kutembea juu ya makaa niliona, ngazi ya visu niliona. Zimepigwa picha za kutosha, sina la kuongeza.

Mwana wa Kwaya

Bado nasubiri usiku wa mwisho.

Mtu wa Mawe

Ndugu yangu, mimi ni Mlutheri, nimebatizwa na nimepata kipaimara. Kuna daraja wanalovuka usiku, la kuacha nuksi. Unashika kikaratasi cha umbo la mtu kinachokuwakilisha, unakiacha, unavuka, *ma song* anakugonga muhuri mwekundu mgongoni kwenye shati jeupe. Familia nzima walipanga mstari. Nikamwambia mkataji wangu kuwa mimi sitavuka, na kwa nini. Akamtafsiria mama. Nilidhani watanuna. Mama akanivisha mikoba yao yote mabegani, tisa, akaniambia basi wewe utatulindia vitu. Nikasimama pembeni ya daraja na mikoba tisa nikawaangalia wanavuka mmoja mmoja. Wakirudi kila mmoja alikuwa ananigeuzia mgongo nione muhuri umekaa vizuri.

Ndilo jibu langu. Sikuabudu kwao na hawakunitaka niabudu. Lakini neno shetani siwezi kuliandika juu ya watu wale, nitakuwa nimeshuhudia uongo, na hiyo nayo ipo kwenye amri kumi.

Usiku wa tisa mji mzima unakwenda Saphan Hin, pale ufukweni, kuwasindikiza Wafalme. Fataki zinapigwa mpaka huoni mkono wako, mitaa inakuwa myekundu kwa karatasi zilizopasuka. Kwenye maji kukawa kimya ghafla. Watu wamepiga magoti mchangani, vyetezo vimeelekezwa baharini. Kaka akatetemeka mara ya mwisho, akaruka kinyumenyume, wasaidizi wakamdaka. Alipofumbua macho alikuwa fundi pikipiki, anaomba maji.

Mwana wa Kwaya

Nimekusoma. Sikubaliani na yote, ila nimefuta ile video kwenye grupu la kwaya, mimi ndiye niliyeituma pale.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Na kidonda? Kilipona?

Mtu wa Mawe

Ubarikiwe, Mwana wa Kwaya.

Nesi, siku ya kumi, Jumanne, saa mbili asubuhi nilimkuta gereji, kabandika plasta mashavu yote mawili, anafunga mnyororo wa pikipiki ya mteja. Wiki moja baadaye mdogo wake alinionyesha picha, vimebaki vidoti viwili kama vya tetekuwanga.

Asubuhi ile nilimwuliza anakumbuka nini. Akasema anakumbuka wanamfunga ile nguo ya kifuani, halafu anakumbuka mikono ya waliomdaka. Katikati hakuna kitu, miaka yote ni hivyo. Akaniuliza kama tulipita Thalang. Nikasema tulipita. Akauliza bibi mwenye meza ndogo alikuwepo, kwa kuwa amekuwa akiumwa na mwaka uliotangulia hakutoka. Nikamsimulia, goti, kibendera, alivyomshika mkono asimwachie.

Akaweka spana chini. Akauliza alimwambia nini. Nikasema ilikuwa Kihokkien, sikuelewa neno hata moja, lakini bibi alicheka.

Akanitaka nimweleze alivyocheka.